Kuizamisha Tena Meli ya 1916: Shajara ya Filamu Yetu Fupi, Kigoma

Septemba 2

Hati ya filamu imekamilika jana usiku. Dakika 9, shoti 22, yaani vipande 22 vya picha. Nimezipitia moja moja kwa kalamu nyekundu. Shoti 9 zinapigika kwa kamera bila kitu cha ziada. Zilizobaki 13 hazipigiki, kwa sababu zinadai meli ambayo haina tena sura ile, watu waliokwisha kufa zamani, na ufukwe wa Kigoma kabla ya taa na magari.

Kisa chenyewe kila mtoto wa Kigoma amekisikia kwa vipande vipande. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kutoka huko kwa reli hadi huku kwetu. Ikaunganishwa upya ufukweni na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, Wajerumani hawakutaka iangukie mikononi mwa adui. Mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Filamu yetu inamfuata mvulana mmoja kati ya waliobeba mchanga ule. Mvulana tumemtunga sisi. Mchanga hatukuutunga, na ndio ulionifanya niandike hati hii: kwamba kuna watu walibeba vikapu kutwa nzima ili kuizika meli ambayo mwaka mmoja nyuma walikuwa wamebeba vyuma vyake kuiunda.

Timu: mimi, ambaye kwa miaka minane nimepiga video za harusi hapa Mwanga; dogo, mtoto wa mama mdogo, anayeijua Blender, programu ya kutengeneza picha za kompyuta, kuliko mtu yeyote ninayemfahamu; na mjomba, fundi wa maboti Kibirizi.

Septemba 5

Dogo ameniuliza kwa nini nang'ang'ania meli ya mbao wakati yeye anaweza kuichonga kwenye kompyuta. Swali la haki, na nimelilalia usiku mzima.

Programu si kikwazo. Blender ni ya bure, na mwaka 2025 filamu ya katuni ya Flow, ya Mlatvia Gints Zilbalodis, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo, ilichukua Oscar. Kikwazo ni maji. Kompyuta ikitaka kuigiza maji huyagawa katika vijisanduku vidogo na kukokotoa kila kimoja kinasukumwa wapi. Ukitaka povu zuri zaidi, ukapunguza upana wa kijisanduku kwa nusu, idadi yake inaongezeka mara nane. Mashine yetu ina kumbukumbu ya GB 16. Jana dogo alijaribu wimbi moja la sekunde 3, mashine ikajizima yenyewe.

Nina sababu nyingine, ya moyoni. Nikiwa darasa la tano niliiona Titanic kwenye kibanda cha video Ujiji, mtafsiri akiisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wazungu, sisi tumebanana kwenye benchi mpaka magoti yanakufa ganzi. Nilirudi nyumbani nikiamini kuna watu wamezamisha meli nzima kwa ajili yetu. Miaka baadaye nikajifunza ukweli, na ukweli ukanivutia kuliko nilivyoamini: mwongozaji James Cameron na watu wake walijenga upande mmoja wa meli, karibu ukubwa wake kamili, huko Rosarito, Mexico. Walipohitaji upande wa pili waliigeuza picha kama kwenye kioo, na ili maandishi yasisomeke kinyume wakayaandika kinyume tangu mwanzo. Kwingine walitumia meli ndogo za mfano, kwingine maji na watu wa kompyuta wakitembea sitahani. Hakuna mbinu moja iliyobeba filamu ile. Kila shoti ilipewa mbinu iliyoistahili.

Basi uamuzi ni huu. Mwili wa meli na maji: vya kweli, kwa kipimo kidogo. Watu: mbele ya kitambaa cha kijani, ambacho kompyuta itakifuta na kuweka mandhari mahali pake. Mandhari ya mbali, ukungu na marekebisho: Blender. Dogo amekubali, ingawa uso wake ulisema vingine.

Septemba 9

Jaribio la kwanza. Mjomba alichonga meli ya sentimita 71, yaani mara 100 chini ya meli yenyewe, ambayo ina urefu wa karibu mita 71. Tukaiweka kwenye beseni kubwa la kufulia, tukaipiga kwa simu, fremu (yaani picha moja moja) 240 kwa sekunde.

Nikapeleka video Kibirizi jioni, wavuvi wakisubiri giza watoke. Mzee mmoja aliyezeeka na ziwa hili akaitazama mara moja tu, akanirudishia simu.

"Mwanangu, haya si maji ya ziwa. Haya ni maji ya beseni."

Nikamuuliza ameonaje, maana beseni lenyewe halikuonekana kwenye picha. Akasema, "Tone lake kubwa mno."

Na ndivyo. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Tone la maji halijui kama uko kwenye filamu: lina ukubwa wake, maji hujishika yenyewe kwa nguvu ile ile popote. Tone la milimita 4 kando ya meli iliyopunguzwa mara 100 linasomeka jichoni kama tone la sentimita 40. Tikiti maji linaloruka hewani. Mzee hakuhitaji hesabu. Amelala juu ya maji haya miaka hamsini.

Nimeamua kuanzia leo kila jaribio lipite kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Septemba 14

Kipimo kipya: 1 kwa 25. Urefu mita 2.84, upana kama sentimita 40. Sababu ni mbili. Kwanza tone linashuka kutoka tikiti hadi chungwa, na chungwa tunaweza kulificha kwa mvuke. Pili, kasi.

Naiandika kasi hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo siri kubwa niliyoipata tangu nianze kushika kamera, na nataka vijana wanaoniuliza wapate pa kusoma. Kitu kidogo huanguka umbali mfupi, kwa hiyo hufika upesi. Kisogo cha meli ya mita tatu kikizama kinatoweka kwa sekunde mbili, na jicho linajua mara moja kwamba kitu kizito hakiendi hivyo. Dawa ni kupiga fremu nyingi na kuzicheza polepole. Kiasi gani? Chukua uwiano, tafuta kipeuo chake cha pili. Meli yetu ni 1 kwa 25, kipeuo cha 25 ni 5. Filamu huchezwa fremu 24 kwa sekunde, mara 5 ni 120. Simu yangu inapiga 120 kwa picha safi. Kile cha beseni kilidai 240, na kwa 240 simu hii inatoa picha yenye chembechembe kama mchele.

Kwa hiyo urefu wa meli yetu umeamuliwa na simu. Mjomba amecheka sana nilipomweleza, kisha akaanza kupima mbao.

Septemba 27

Meli imekamilika. Kila mtu anayepita karakana ya mjomba anasimama. Mbavu za mninga, mwili wa mbao nyembamba, juu yake bati la makopo lililokatwa na kugongwa misumari midogo kuwa kama ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshikanisha bati za meli. Kuna ribiti 1,100 upande wa kulia. Upande wa kushoto hakuna hata moja: tumefuata njia ya Mexico, tutageuza picha. Jina Graf von Goetzen tumeliandika mara mbili kwenye vibao viwili, kimoja sawa, kimoja kinyume.

Sura ya Liemba ya leo haikutusaidia sana. Meli imefanyiwa matengenezo mengi, na miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Tumefuata picha za zamani, hasa bomba la moshi.

Jambo moja limenigusa. Mbele ya meli kulikuwa na mzinga wa milimita 105, uliotoka kwenye manowari Königsberg. Kabla meli haijazamishwa, mzinga ule ulikuwa umekwisha kung'olewa kwenda kupigana nchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mbao ili adui akitazama kwa darubini aone meli ina silaha. Yaani mwaka 1916, katika ziwa hili hili, palikuwa na fundi aliyechonga kitu cha kudanganya macho ya mtu wa mbali, na akachonga vizuri kiasi cha kuaminiwa. Mjomba amechonga mzinga wetu kwa mti huo huo wa mninga. Ni kitu pekee kwenye meli hii ambacho ni cha mbao na kinapaswa kuwa cha mbao.

Oktoba 4

Kitambaa cha kijani: mita 12 kutoka sokoni Mwanga, shilingi 4,000 kwa mita. Siku nzima imeliwa na mikunjo. Kila mkunjo ni kivuli, na kivuli ni kijani kingine, na programu ikiambiwa ifute kijani kimoja inaacha kile kingine kama utando wa buibui kichwani mwa mtu. Tumepiga pasi ya mkaa, tumenyunyiza maji, tumevuta kwa kamba pande zote kama ngozi ya ngoma inayowambwa. Saa kumi jioni kikawa sawasawa.

Watu huuliza kwa nini kijani na si rangi nyingine. Ngozi yetu haina kijani, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili imo ndani ya kamera: kihisi, sehemu inayopokea mwanga, kimepangwa kwa vikundi vya vijinukta vinne, viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Kijani kinapata data maradufu, kwa hiyo ukingo wake hukatika safi.

Mvulana wetu alifika na kikoi chenye mstari wa kijani. Mama mdogo amemtafutia kingine. Na tumemsogeza mita 3 mbele ya kitambaa, maana akiwa karibu mwanga unaruka kutoka kwenye kitambaa na kumpaka kijani masikioni na shingoni.

Bakuli la stenlesi la bibi limepata kazi. Kabla ya kila shoti tunalifudikiza mahali atakaposimama mtu na kulipiga picha. Mgongo wa bakuli unaonyesha anga yote na kila taa iko wapi, dogo akifika kwenye kompyuta anajua mwanga utoke upande gani. Studio kubwa hutumia mpira wa kromu. Bakuli linatosha.

Oktoba 6 hadi 8

Mbalamwezi. Siku hizi wavuvi wa dagaa hawatoki, taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi, kwa hiyo vipe, vyombo vyao vya kuvulia, vimepumzika ufukweni na watu wapo. Nilikuwa nimeupanga mradi mzima kuzunguka siku hizi tatu.

Tumeibeba meli watu sita hadi kwenye kijighuba upande wa Bangwe, maji ya kiunoni. Kamera nimeifunga kwenye boya nusu ya lenzi ikigusa maji. Ukipiga meli ndogo kutoka juu umejichongea: mtu husimama juu ya kitu kidogo, lakini mbele ya kitu kikubwa husimama chini yake.

Saa kumi na mbili asubuhi ziwa lilikuwa kioo. Zuri kwa macho, baya kwetu, kwa sababu meli ya mita 71 haielei kwenye kioo. Yule mzee, aliyekuja na kiti chake, akasema tungoje. "Saa moja na nusu kitakuja kiupepo kidogo, si cha kukutupia chombo." Kilikuja saa moja na dakika arobaini. Viwimbi vya sentimita 4. Mara 25: mawimbi ya mita moja. Nilipiga mpaka betri zote zikaisha.

Dogo alishika bomba la kupulizia dawa shambani, jipya, lina maji matupu, akawa anapuliza mvuke kandokando ya meli kila wimbi lilipogonga. Mvuke ule ukayala machungwa yote. Nimeitazama picha kwenye simu nikiwa nimelowa hadi kifuani, na kwa mara ya kwanza nimeogopa kidogo, jinsi mtu anavyoogopa akiona kitu alichokiwaza peke yake kimesimama mbele yake.

Oktoba 11

Kuzama. Mara tatu, na mara zote tatu imekataa.

Mara ya kwanza ilitangulia pua na kwenda chini kama jembe. Mara ya pili ililala ubavu, upande usio na ribiti ukaonekana. Mara ya tatu kamba iliyopita chini ya jiwe ilikatika na meli ikaruka juu kama kiboko.

Dogo akataka mlipuko. Alikuwa amekwisha kuutengeneza kwenye kompyuta, moto na vipande vya chuma vinavyoruka, na kusema kweli ulikuwa mlipuko mzuri, kazi ya wiki mbili za usiku. Akasema watazamaji wanataka kuona kitu. Tumebishana mpaka mama mdogo akaingilia.

Msimamo wangu ninauandika hapa. Meli hii haikulipuliwa. Watu walioiunda ndio walioizamisha, wakaipaka grisi kwanza, kwa sababu walitaka siku moja iinuke. Waliishusha wima, kwenye kina cha kama mita 20, wakati ziwa lenyewe linafika kina cha mita 1,470. Wangeweza kuitupa isionekane milele, wakachagua mahali pa kuirudia. Ukiweka moto pale umefuta jambo lenyewe tunalolisimulia. Efekti inayomfanya mtu apige kelele ukumbini na kusahau mchanga uliobebwa, sina kazi nayo hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Dogo amenyamaza siku mbili. Leo jioni ameleta mchoro: vyumba vinne ndani ya meli, kila kimoja na mpira wake na koki yake, maji yaingie kwa zamu. Ameufikiria mwenyewe.

Oktoba 15

Vyumba vinne. Mifuko ya mchanga chini kuishikilia wima. Koki ya nyuma kwanza, kisha mbili za katikati, ya mbele mwisho. Imeshuka kwa sekunde 11, ikiwa wima, bomba la moshi likiwa la mwisho. Ukicheza fremu 24 ni sekunde 55. Hakuna aliyesema neno pale majini. Tumeirudia mara mbili zaidi kwa usalama, lakini ile ya kwanza ndiyo tutakayoitumia.

Oktoba 19

Moshi. Tumechoma makuti mabichi ya mchikichi usiku, nyuma yake shuka jeusi, taa moja ubavuni. Moshi mweupe juu ya weusi: kwenye kompyuta unaiambia programu iache weusi na ichukue kinachong'aa tu, basi una moshi wa kweli wa kuuweka popote. Tumepata mikanda 14 ya moshi tofauti. Majirani wamevumilia.

Oktoba 26

Wabeba mchanga. Hati inasema watu 80. Tuna watu 11.

Kamera imefungwa kwenye mguu wake, mguu ukazikwa mchangani, hakuna kuigusa. Watu 11 wakapanda na vikapu upande wa kushoto, wakabadilisha vitambaa vya kichwa, wakapanda katikati, wakabadilisha tena, mpaka mara nane. Kisha unaziunganisha picha zote nane kuwa moja. Mbinu hii ni kongwe kuliko meli yenyewe: Georges Méliès wa Ufaransa alijizidisha kuwa watu saba katika filamu ya mwaka 1900, kwa kurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera na kupiga juu ya picha iliyotangulia. Alifanya hivyo bila kuona alichopata mpaka mkanda uoshwe. Sisi tunaona papo hapo, na bado tulikosea mara ya tano, mtu akakanyaga njia ya mwenzake na kupita katikati ya mwili wake.

Jua nalo halikusubiri. Kati ya mzunguko wa kwanza na wa nane vivuli vilizunguka. Dogo itabidi avifute na kuvichora upya, watu 88, kivuli kwa kivuli.

Novemba 3

Mvua zimeanza, na zimetuletea taabu ambayo sikuiona mbele.

Septemba na mwanzoni mwa Oktoba hewa ya ziwa ilikuwa na moshi wa mapori yanayochomwa, huoni ng'ambo. Baada ya mvua ya juzi milima ya Kongo imesimama pale kama mtu kaiosha kwa sabuni. Shoti mbili zilizobaki, za mvulana kutazama ziwa, nimezipiga leo, na nyuma yake milima inaonekana hadi mabonde. Shoti inayofuata, ya Oktoba, ng'ambo hakuna kitu. Mtazamaji atahama nchi ndani ya sekunde moja.

Meli ilizamishwa Julai, kiangazi. Ukungu ndio ukweli, kwa hiyo milima lazima ifunikwe. Lakini kuipaka weupe haitoshi. Nimekaa kilimani jioni nzima nikitazama. Kitu kikiwa mbali zaidi weusi wake ndio unaopotea kwanza, unakuwa kijivu cha buluu, huku sehemu zenye mwanga zikibaki karibu vile vile. Mtumbwi ulio umbali wa mita 100 una weusi kamili chini ya ubao. Ulio umbali wa kilomita moja weusi umekuwa rangi ya majivu. Nimempigia dogo nikiwa kule kule na kumsomea niliyoyaona, akayaweka kwenye tabaka tatu za ukungu: ya karibu, ya kati, ya mbali. Shoti imekaa.

Novemba 9

Shoti ya 17, meli ikiwa mbali na mitumbwi ya kompyuta kando yake. Fremu moja inaichukua kompyuta dakika 11 kuikamilisha. Sekunde 6 ni fremu 144, yaani saa 26 na dakika 24. Umeme ulikatika saa ya 19.

Hatukupoteza kitu, kwa sababu dogo huiambia mashine itoe kila fremu kama picha yake peke yake na si video nzima. Umeme uliporudi ikaendelea na fremu ya 104. Ambaye ndiyo kwanza anaanza kazi hii na ajifunze hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Wakati mashine ikifanya kazi nimekata kwa mkono picha za mvulana akipita mbele ya boti, mahali ambapo hatukuweza kuweka kitambaa. Fremu kwa fremu, kuzunguka vidole vyake. Mchora katuni Max Fleischer aliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kifaa chake cha kuchora juu ya fremu moja moja mwaka 1915, mwaka ule ule meli yetu iliposhushwa majini. Zaidi ya miaka mia, na vidole bado vinataka mkono wa mtu na uvumilivu. Leo nimemaliza fremu 96.

Novemba 16

Mzee ametazama shoti ya 17 ikiwa imekamilika. Nzuri mno, anga ya machungwa, jua likichomoza nyuma ya meli.

"Jua limetokea Kongo?"

Dogo alitazama skrini, akatazama ziwa, akafunga kompyuta. Sisi tuko mashariki ya ziwa. Asubuhi jua linatoka nyuma yetu, juu ya vilima, na kabla halijavivuka sisi huku tuko kivulini wakati ng'ambo tayari kumeng'aa. Anga ile ilitoka kwenye maktaba ya bure ya intaneti, picha ya pwani ya mahali pengine. Tumeiangalia wiki nzima sisi wawili, wazaliwa wa hapa, tusiione.

Saa 26 nyingine. Safari hii tumetumia anga niliyopiga Bangwe mwenyewe Oktoba 8, mwanga baridi, meli haina kivuli kikali, ng'ambo ukungu mweupe umeanza kushika rangi. Haina machungwa hata kidogo. Imenipendeza kuliko ile.

Novemba 23

Onyesho la kazi, bado haijatiwa sauti. Karakana ya mjomba, kompyuta juu ya mtumbwi uliofudikizwa, watu kama ishirini. Bibi tumemleta kutoka Ujiji kwa bajaji. Baba yake alikuwa mvulana meli ilipoinuliwa, na utotoni alimsimulia jinsi ilivyotoka na tope na mashine zake bado zinafaa.

Dakika 9 zimepita kimya. Bomba la moshi lilipozama bibi aliniambia nirudishe hapo. Nikarudisha. Akasema nirudishe tena.

Mzee wa maji alikaa mbele na kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake tu: daftari wazi, kalamu mkononi, shoti zote za maji zimeorodheshwa kwa namba. Hakusema lolote juu ya maji. Alimtazama mvulana.

"Huyu mtoto kachota mchanga wapi?"

Nikamwambia ufukweni, pale pale.

"Basi mchanga ni mbichi. Kikapu kinavuja. Mbona mgongo wake mkavu?"

Shoti ya 6 na ya 8 zinarudiwa. Mgongo wa mvulana, maji kutoka kikapuni hadi kiunoni, mchanga uchotwe kwenye ukingo wa wimbi. Nimemwomba mama mdogo kikoi kile kile. Jumamosi, saa moja na nusu, kiupepo kikija.